Somo: Kupima ulemavu na mahitaji ya utengamao kwa mtu mwenye baridi yabisi

Salaam wapendwa wanachama. Somo hili nimewaandikia wenzangu wa mazoezi tiba na tiba kwa vitendo, wauguzi na maofisa tabibu wa hospitali za wilaya. Utengamao ni kazi ya kumsaidia mtu arudishe uwezo wa kujihudumia na kufanya shughuli zake. Mgonjwa na ndugu anayemuuguza nao wasome, kwa sababu mengi yaliyomo humu wanaweza kuyaandaa nyumbani kabla ya siku ya kliniki.

Baridi yabisi ninayoizungumzia ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo. Goti la uzeeni ni jambo jingine, na gauti vilevile. Huu hushika pande zote mbili za mwili, hupenda viungo vidogo vya mikono na nyayo, na unampata mwanamke mara mbili au tatu zaidi ya mwanamume. Duniani unakadiriwa kuwapata watu wazima kati ya nusu asilimia na asilimia 1. Wengi huanza kuugua wakiwa bado na nguvu za kazi, wana watoto wa kulea na riziki ya kutafuta, kwa hiyo swali la ulemavu linakuja mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Ninachotaka mkishike ni hiki: picha ya eksirei haikuoneshi ulemavu wa mtu huyu, na benchi la kliniki saa 5 asubuhi halikuoneshi pia. Saa 5 vidole vimeshalegea, amemeza dawa ya maumivu, amevalishwa na binti yake. Ukimpima saa hiyo tu umempima katika saa yake nzuri kuliko zote za siku. Ulemavu wake uko saa 12 alfajiri, kwenye kitasa cha mlango, kwenye ndoo, kwenye choo cha kuchuchumaa, kwenye sufuria ya ugali. Kazi ya upimaji ni kufika huko kwa maswali na kwa macho.

Hatua ya 1: Hakikisha hakuna hatari inayosubiri

Kabla ya dodoso lolote, uliza na uangalie mambo haya.

Shingo. Maumivu ya kisogoni, mshtuko kama wa umeme unaoshuka mgongoni akiinamisha kichwa, ganzi ya mikono, miguu inayoanza kuyumba. Baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza kano zinazoshikilia pingili mbili za juu kabisa za shingo, na uti wa mgongo ukabanwa. Ukiona dalili hizi usimvute shingo, usimnyooshe, usimpe mazoezi ya shingo. Mpe rufaa.

Kiungo kimoja chenye moto na uvimbe kuliko vingine vyote, pamoja na homa au bila homa. Hicho ni kiungo chenye vijidudu mpaka ithibitike vinginevyo. Wagonjwa wanaotumia dawa za kushusha kinga wanaweza wasipate homa kali, kwa hiyo usitulie kwa sababu kipimajoto kinasoma vizuri.

Kidole kilichoanguka ghafla. Anakuambia jana alikuwa anakinyoosha kidole cha mwisho, leo hawezi, na pengine hakuna hata maumivu. Kano imekatika. Kidole cha pete kinaweza kufuata, kisha cha kati. Huyu anahitaji daktari wa upasuaji mapema, na kumwandikia mazoezi ya kunyoosha vidole ni kumpotezea muda.

Hatua ya 2: Ujue ugonjwa umechachamaa au umetulia

Huwezi kuelewa ulemavu bila kujua hili. Ulemavu wa mtu mwenye baridi yabisi una sehemu mbili zilizochanganyika: ile inayotokana na uvimbe na maumivu ya sasa, ambayo inaweza kurudi nyuma dawa zikifanya kazi, na ile inayotokana na kiungo kilichokwisha kuharibika. Mgonjwa mpya mara nyingi ana sehemu ya kwanza tu. Mgonjwa wa miaka 15 anazo zote mbili.

Vipo vipimo vya alama vinavyoonesha ukali wa ugonjwa. Penye maabara wanatumia kile kiitwacho DAS28. Kwetu wengi CDAI inatosha, kwa sababu haihitaji damu. Hesabu viungo vinavyouma ukivibonyeza na viungo vilivyovimba, kati ya vile 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vifundo 10 vya mizizi ya vidole, 10 vinavyofuata (kwenye dole gumba ni kile kimoja cha mbele), na magoti. Ongeza alama ya mgonjwa mwenyewe ya 0 mpaka 10 kuhusu hali ya ugonjwa wake, na alama yako ya 0 mpaka 10. Jumla ikiwa 2.8 au chini, umetulia kabisa. Mpaka 10 ni kiwango cha chini, mpaka 22 cha kati, zaidi ya 22 umechachamaa.

Nyayo na vifundo vya miguu havimo katika 28. Mtu anaweza kupata alama nzuri huku hawezi kukanyaga chini. Viangalie kila mara na uandike pembeni.

Hatua ya 3: Tembea naye siku nzima kwa maneno

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ningependa mfanye hivyo hata kama foleni ni ndefu. Mwambie akusimulie jana. Aliamka saa ngapi, vidole vilichukua muda gani kulegea, nani alifungua mlango. Kukakamaa kwa asubuhi kunakozidi saa moja kunakuambia ugonjwa bado unafanya kazi ndani, lakini kwa utengamao swali la maana zaidi ni: katika saa hiyo alitakiwa kufanya nini? Mwalimu anayepaswa kuwa shuleni saa 1 asubuhi na bibi ambaye hana haraka wana kukakamaa kulekule na ulemavu tofauti kabisa.

Kisha nenda kazi kwa kazi. Kupiga mswaki. Kufunga khanga au vifungo vya shati. Kuchuchumaa chooni na kuinuka. Kutawadha, maana mkono usiofika nyuma ni aibu ambayo mtu hataitaja usipomuuliza kwa upole na faragha. Kuchota maji, kubeba ndoo, kufua, kukamua nguo. Kumenya, kukuna nazi, kusonga ugali, kuipua sufuria. Kumbeba mtoto. Kupanda daladala na kushika bomba gari likiyumba. Kuswali, kukaa mkekani msibani, kupiga magoti kanisani. Kulima. Kuandika ubaoni. Kubonyeza simu. Na tendo la ndoa: nyonga na magoti yanauma, na wanandoa wengi hawajawahi kuulizwa na mhudumu yeyote.

Kuna mtego mmoja mkubwa. Ukimuuliza mama, "Una shida ya kufua?" atakujibu hana. Anasema kweli, kwa sababu ameacha kufua tangu mwaka juzi, anafua mkwe. Katika nyumba zetu msaada unaingia taratibu bila mtu kuutangaza, na kile alichokiacha hakihesabiki tena kama shida. Kwa hiyo uliza maswali mawili kwa kila kazi: unaifanya mwenyewe? Na kama huifanyi, uliiacha lini na kwa nini? Orodha ya vilivyoachwa ndiyo ramani ya ulemavu wake.

Mwisho mwambie achague vitu visivyozidi vitano anavyotaka sana kuweza kuvifanya, na kila kimoja akipe alama ya 0 mpaka 10, sifuri ni hawezi kabisa, kumi ni kama zamani. Andika maneno yake mwenyewe. Wastani wa alama hizo ukibadilika kwa 2 na zaidi baadaye, una maana.

Hatua ya 4: Dodoso la HAQ, na jinsi ya kulihesabu sawasawa

HAQ ni dodoso la kupima jinsi mtu anavyoweza kazi za kila siku. Lilitengenezwa na James Fries na wenzake huko Stanford, Marekani, likachapishwa mwaka 1980, na bado ndilo linalotumika zaidi duniani kwa ugonjwa huu. Lina maswali 20 katika mafungu 8: kuvaa na kujipamba, kuinuka, kula, kutembea, usafi wa mwili, kufikia vitu, kushika, na shughuli za kawaida. Mgonjwa anajibu kuhusu wiki iliyopita: 0 bila shida, 1 kwa shida kidogo, 2 kwa shida kubwa, 3 hawezi.

Kila fungu linachukua alama ya swali lililo baya kuliko yote ndani yake. Jumlisha mafungu, gawanya kwa idadi ya mafungu yaliyojibiwa, ambayo lazima yawe 6 au zaidi. Unapata namba kati ya 0 na 3.

Wengi wanasahau kanuni ya msaada. Fungu likiwa na 0 au 1, lakini mgonjwa anatumia kifaa au anasaidiwa na mtu, linapanda kuwa 2.

Chukua mgonjwa wa mfano, mama wa miaka 46 muuza vitumbua. Kuvaa 2, kuinuka 1, kula 1, kutembea 1, usafi 2, kufikia 2, kushika 3, shughuli 2. Jumla 14, gawanya kwa 8, ni 1.75. Sasa unagundua anatembea na fimbo: kutembea kunakuwa 2. Na nyama anakatiwa na binti yake: kula kunakuwa 2. Jumla ni 16, na alama ni 2.0. Mtu yuleyule, mkono uleule, ila sasa umeuhesabu msaada uliokuwa umejificha. Kwa kawaida 0 mpaka 1 huhesabiwa shida ndogo mpaka ya kati, 1 mpaka 2 ya kati mpaka kubwa, na 2 mpaka 3 kubwa sana. Mabadiliko ya takribani 0.22 ndiyo huchukuliwa kuwa madogo kabisa ambayo mgonjwa anayasikia.

Dodoso liliandikwa kwa maisha ya Marekani. Linauliza kuhusu beseni kubwa la kuogea na kufungua mlango wa gari. Usilibadilishe wewe peke yako halafu ukaendelea kuliita HAQ, kwa sababu namba yako haitalingana na ya mtu mwingine. Tumia tafsiri iliyothibitishwa, na mambo ya ndoo, jembe na choo cha kuchuchumaa yabaki kwenye orodha yako ya Hatua ya 3.

Wapo wanaoandika tu daraja la kwanza mpaka la nne. Madaraja hayo asili yake ni Steinbrocker, 1949, na Chuo cha Rumatolojia cha Marekani kiliyarekebisha mwaka 1991: la kwanza anaweza yote, la pili anajihudumia na anafanya kazi ila shughuli za ziada zina kikwazo, la tatu anajihudumia lakini kazi inamshinda, la nne hata kujihudumia ni shida. Yanafaa kwa barua ya rufaa. Kwa kupanga huduma ni mapana mno.

Hatua ya 5: Mikono

Anza kwa kutazama bila kugusa. Vidole vinaelekea upande wa kidole cha mwisho? Kuna kidole kilichopinda kwenda nyuma katikati na kuinama nchani, au kinyume chake? Dole gumba limevunjika umbo? Misuli kati ya mifupa ya kiganja imebonyea? Viungo vya mwisho kabisa karibu na kucha kwa kawaida havihusiki. Vikiwa ndivyo vinavyosumbua, fikiria ugonjwa mwingine.

Mwambie akunje ngumi, kisha pima kwa rula umbali kutoka ncha ya kila kidole mpaka kiganjani. Mwambie dole gumba liguse ncha za vidole vingine vyote, na shina la kidole cha mwisho.

Nguvu ya mshiko: kama huna dainamomita (kifaa cha kupima nguvu ya mkono), chukua mashine ya kawaida ya presha. Kunja mkanda wake, ujaze mpaka milimita 20, mgonjwa akae, kiwiko kimekunjwa pembe mraba kando ya mwili, aminye kwa nguvu zote. Soma kilele. Rudia mara tatu kila mkono, chukua wastani, andika na saa ya kipimo. Saa ni muhimu kama namba yenyewe, kwa sababu kipimo cha saa 2 asubuhi hakilinganishwi na cha saa 8 mchana.

Baada ya hapo achana na vipimo, mpe vitu: kufuli na ufunguo, chupa ya maji yenye kizibo, sarafu mezani, shati lenye vifungo, kitambaa chenye maji akikamue, sufuria yenye maji nusu. Angalia anavyofanya kuliko kama anaweza. Mtu anayefungua chupa kwa kukandamiza kiganja kizima anajilinda vizuri. Anayeifungua kwa kulazimisha vidole kwenda pembeni anajiumiza kila siku, ingawa kwenye karatasi wote wawili wameandikiwa "anaweza".

Ganzi ya dole gumba, shahada na kidole cha kati usiku inaelekeza kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni. Usiipite.

Hatua ya 6: Nyayo na mwendo

Mvue viatu. Wagonjwa wengi husema wanatembea kama juu ya kokoto, na ukibonyeza chini ya nyayo penye mizizi ya vidole utaelewa. Tazama sugu, vidole vilivyopanda, dole kubwa lililoegemea wenzake. Kiatu chenyewe kina ushahidi, kimelika wapi. Kisha kusimama kutoka kwenye kiti mara tano bila mikono, kwa saa ya simu, na kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa. Kwa wazee, CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, huchukua sekunde 12 na zaidi katika kipimo hiki cha pili kuwa dalili ya hatari ya kuanguka. Mgonjwa aliyetumia vidonge vya steroidi muda mrefu mifupa yake ni dhaifu, hivyo hatari ya kuanguka kwake ina uzito mwingine.

Hatua ya 7: Nyumba, kazi, na moyo wake

Maji yako wapi, choo ni cha aina gani, ngazi ngapi, nani yuko nyumbani mchana, safari ya hospitali inagharimu nini. Mwajiri anajua? Mume au mke anauelewaje ugonjwa? Ukipata nafasi ya kwenda nyumbani, nenda. Nusu saa jikoni kwake itakufundisha zaidi ya ziara nyingi za kliniki.

Uliza pia uchovu na usingizi, na umuulize wazi kama amekata tamaa. Sonona ni ya kawaida kwa watu wenye ugonjwa huu na inaongeza maumivu na ulemavu. PHQ-9, dodoso la maswali tisa ya kupima sonona, ipo kwa Kiswahili, itumie. Akisema amefikiria kufa, mpango mwingine wote unasubiri.

Hatua ya 8: Kutoka shida kwenda hitaji

Hapa upimaji mwingi unaharibika. Watu wanaandika "hawezi kukamua nguo", kisha "apewe mazoezi". Kati ya mistari hiyo miwili panakosekana swali: kwa nini hawezi?

Kama ni maumivu na uvimbe wa sasa, hitaji la kwanza ni dawa ya ugonjwa wenyewe. Mazoezi peke yake hayazimi ugonjwa huu. Kama ni kifundo cha mkono kilicholegea, anahitaji banzi (kifaa cha kushikilia kiungo) la kufanyia kazi. Kama ni udhaifu, hapo mazoezi ya nguvu ni dawa: jaribio la SARAH la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2015, lilionesha kuwa mazoezi 7 ya kulainisha na 4 ya nguvu kwa mikono yaliboresha utendaji wa watu waliokuwa wametulia kwenye dawa. Kama kiungo kimeharibika moja kwa moja, badilisha njia: nguo aizungushe kwenye bomba la kuanikia na kuikamua kwa sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, si kwa vidole. Kama ni hofu kwamba kutumia mkono kutauharibu, anahitaji maelezo na mtu wa kujaribu naye. Na kama nguo ni za watu tisa, hitaji ni kugawana kazi nyumbani, na mazungumzo hayo inabidi ndugu wawepo.

Kwa kila kile alichokichagua katika Hatua ya 3, andika sababu, hitaji, nani atatoa, na tarehe ya kupima tena. ICF, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 wa kueleza utendaji na ulemavu wa mtu, unasaidia usisahau upande wowote: mwili, shughuli, ushiriki katika jamii, mazingira, na mtu mwenyewe. Turudi kwenye vitumbua vya mama yetu wa mfano: ugonjwa umechachamaa, hivyo rufaa ya dawa kwanza; mpini wa mwiko uliozungushiwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli; meza ya kukaangia iinuliwe akae kwenye kiti kirefu; madumu ya lita 5 badala ya ndoo ya lita 20; kiatu kipana chenye soli laini badala ya kandambili zinazolazimisha vidole kung'ata. Apimwe tena baada ya miezi mitatu, saa ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mbeya: Shikamoo mwalimu. Nina mgonjwa ambaye HAQ imeshuka kutoka 2.0 mpaka 1.0 baada ya miezi sita ya dawa, lakini eksirei yake ni mbaya kama mwanzo. Bosi wangu anasema nimekosea kupima.

Marahaba. Pima tena kwa utulivu, uhakikishe kanuni ya msaada umeifuata mara zote mbili. Kama umeifuata, hakuna cha ajabu. Mfupa uliolika haurudi, lakini maumivu na uvimbe vinapoondoka mtu anarudisha kazi nyingi kwa viungo vilevile. Sasa ile 1.0 iliyobaki ndiyo yenu nyinyi wa utengamao: angalia ni mafungu gani yameikalia. Mwoneshe bosi orodha ya vitu vitano vya mgonjwa pamoja na HAQ.

Mwanachama, Mombasa: Asante kwa somo. Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Hapa Kenya nataka kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Siku zingine niko sawa kabisa, siku zingine sishiki kikombe. Nikipimwa siku nzuri si nitaonekana mwongo?

Dada yangu, hofu yako ina msingi. Anza leo kuweka daftari: kila siku andika saa ya kuamka, muda wa kukakamaa, kitu kimoja kilichokushinda, na aliyekusaidia. Wiki nne zinatosha kuonesha mwenendo. Nenda nalo hospitalini kwenye tathmini, pamoja na barua ya kliniki inayotaja muda wa ugonjwa, dawa na alama zako za HAQ za siku tofauti. Mwombe anayekupima aandike kwamba hali yako hupanda na kushuka. WHODAS 2.0, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima ulemavu, inauliza kuhusu siku 30 zilizopita na ina toleo fupi la maswali 12, kwa hiyo kwa mtu wa hali yako inafaa kuliko kipimo cha siku moja. Na usiende siku hiyo ukiwa umejikaza. Kama huwezi kufungua vifungo, mwache akuone unashindwa.

Mwanachama, Tabora: Kituo chetu hakina daktari bingwa. Nianze mazoezi kabla mgonjwa hajapata dawa?

Anza mepesi, usisubiri, lakini rufaa iondoke siku hiyohiyo. Kiungo kilichovimba kwa moto kipitishe katika mwendo wake wote mara chache kwa siku bila kukilazimisha, misuli aikaze bila kukunja kiungo, apumzike vipindi vifupi. Nguvu na uzito baadaye, uvimbe ukipungua. Ukipungua usiogope: utafiti wa RAPIT wa Uholanzi, 2003, uliwafuata wagonjwa kwa miaka miwili wakifanya mazoezi mazito, na uwezo wao uliongezeka. Tahadhari ilikuwa kwa wale ambao magoti, nyonga au mabega yalikuwa yameshaharibika sana.

Akirudi na methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe, msaidie kwa jambo moja linaloua watu: inamezwa mara moja kwa WIKI, haimezwi kila siku. Mwandikie siku yenyewe kwenye boksi. Na kama anatarajia mimba, dawa hiyo haifai, azungumze na daktari kabla.

Mwanachama, Dodoma: Mke wangu anaumwa ugonjwa huu mwaka wa tatu. Dawa anatumia, vidole havijavimba tena, lakini saa 8 mchana analala kila siku na kazi zinabaki. Ndugu zangu wanasema amezoea kudekezwa. Naomba ukweli.

Kaka, umefanya vema kuuliza. Uchovu wa ugonjwa huu ni dalili yake halisi, na unaweza kubaki hata vidole vikiwa vimetulia. Hauondoki kwa kukemewa. Lakini usikubali tu kwamba "ndivyo ulivyo": apimwe damu kama imepungua, aulizwe usingizi, maumivu ya usiku na huzuni, maana kila kimoja kina tiba yake. Kisha kaeni wawili mpange siku. Kazi nzito ziwe katika saa zake za nguvu, ambazo kwa wengi ni baada ya kukakamaa kuisha na kabla ya mchana. Mapumziko yawe mafupi na yaje kabla hajachoka kabisa. Kutembea kidogo kila siku kunapunguza uchovu, ingawa mwanzoni inaonekana kinyume. Ndugu zako waje naye kliniki mara moja. Maneno ya mhudumu wa afya wanaweza kuyapokea kuliko ya kwake.

Mwanachama, Unguja: Assalaam alaykum. Bibi yetu ana banzi la mkono, halivui usiku na mchana. Na kusujudu kumekuwa mtihani, anaumia vifundo lakini hataki kiti.

Waalaykum salaam. Banzi la kulalia ni la usiku na vipindi vya kupumzika, la kazi ni la wakati wa kazi. Likikaa saa zote, misuli inanyong'onyea na vidole vinakakamaa zaidi. Alivue mara kadhaa mchana, afungue na kufumba vidole polepole, ikiwezekana kwenye maji ya vuguvugu, na mkague ngozi kama kuna pahala pamechubuka.

Kuhusu swala, kusujudu kwa viganja kunapeleka uzito mwingi kwenye vifundo vilivyokunjwa nyuma, na kwake hilo linaumiza kweli. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali amekaa, lakini neno hilo alisikie kwa sheikh anayemwamini kuliko kwangu. Mumwombe sheikh aje nyumbani. Wakati huohuo mpime: anaweza kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kusukumwa? Kiti kiwe kirefu kiasi kwamba magoti yako chini kidogo ya nyonga, kiwe na mikono, kisiwe cha plastiki kinachoteleza kwenye sakafu.

Mwanachama, Arusha: Mwanangu ana miaka 9, ameambiwa ana baridi yabisi ya watoto. Naweza kumjazia HAQ hii?

Hapana, hii ni ya watu wazima. Watoto wana yao, CHAQ, inayozingatia umri, na mzazi ndiye anayejaza kwa mdogo. Kwa mtoto ongeza maswali ya shule: anaandika mpaka mwisho wa somo, anacheza na wenzake, anakosa siku ngapi. Pima urefu wa miguu yote miwili, maana goti linaloumwa linaweza kuufanya mguu huo urefuke kuliko mwenzake. Na apelekwe kwa daktari wa macho hata kama haoni tatizo lolote. Baadhi ya watoto hawa hupata uvimbe ndani ya jicho usiouma wala kuleta wekundu, na unaharibu uoni kimyakimya. Hapo Arusha mko karibu na hospitali ya KCMC Moshi, ambako huduma za utengamao na mafunzo yake vipo kwa miaka mingi. Omba rufaa iandikwe macho, mazoezi tiba na tiba kwa vitendo kwa pamoja, ili safari iwe moja.

Mwanachama, Kisumu: Mashine yetu ya presha ni ya kidijitali, haioneshi mshale. Ile njia ya mshiko nitaifanyaje?

Ya kidijitali haitafaa, inajaza na kushusha yenyewe. Tafuta ile ya mshale, hata iliyo kuukuu, mradi haivuji: ijaze mpaka 20, iache kwa dakika moja mezani, ukiona mshale umeshuka badilisha mpira. Iwekee alama ya rangi na uitumie hiyohiyo kwa wagonjwa wako wote wa mikono, kwa sababu mkanda mkubwa na mdogo haitoi namba sawa.